Jinsi ya kutembelea msitu mdogo wa asili mashambani Uingereza

Chagua msitu mdogo. Misitu mikubwa yenye majina ina maegesho, mkahawa na njia pana za changarawe, na wageni wengi huipita mbiombio hadi mwisho wa njia, wakageuza. Mimi naishi Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwa zamu, na siku zangu za mapumziko nazipeleka kwenye misitu ambayo ukitaka unaizunguka yote kwa saa moja. Uzuri wake ndio huo: hakuna mahali pa kuwahi kufika, kwa hiyo macho yanapata nafasi ya kuangalia.

Kwanza uupate. Nunua, au azima maktaba, ramani ya Ordnance Survey (idara ya taifa ya kuchora ramani) ya aina ya Explorer, ile yenye jalada la rangi ya chungwa. Kipimo chake ni 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Misitu imetiwa kijani. Tafuta ule wenye kingo zilizopindapinda. Msitu uliopandwa karibuni mara nyingi umenyooka kama ulivyochorwa ofisini. Kisha angalia kama kuna vistari vya kijani vinavyoukatiza. Vistari vifupi ni njia ya umma ya waenda kwa miguu. Virefu ni njia ambayo hata wenye farasi na baiskeli wanaruhusiwa.

Vistari hivyo usivichukulie kama pambo. Misitu mingi Uingereza ni mali ya watu binafsi, na sheria ya mwaka 2000 iliyofungua milima na nyika kwa umma haikugusa sehemu kubwa ya misitu. Njia ya umma ikipita msituni, una haki ya kuifuata hata kama mwenye shamba hakujui, lakini haki hiyo inaishia kwenye njia. Ukitaka uhuru zaidi, nenda kwenye misitu ya Woodland Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1972. Lina misitu zaidi ya 1,000, kuingia ni bure, na kwenye tovuti yao unaandika msimbo wa posta wako tu, unaonyeshwa iliyo karibu. Mashirika ya Wildlife Trust ya kila kaunti nayo yana hifadhi nzuri sana, ila baadhi hayaruhusu mbwa, kwa hiyo soma masharti kabla ya kutoka. Angalia pia mabasi. Vijijini siku ya Jumapili mengi hayapo kabisa.

Njiani utaona mishale midogo kwenye nguzo: wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa bluu ni wa njia ya farasi. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Kama njia inapita malishoni na kuna ng'ombe wenye ndama, wazungukie kwa mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Na kati ya tarehe 1 Oktoba na tarehe 1 Februari ni msimu wa kuwinda ndege aina ya fezanti. Ukisikia bunduki, baki kwenye njia na ongea kwa sauti ili ujulikane upo.

Wakati bora kwangu, sisiti kusema, ni kuanzia wiki za mwisho za Aprili hadi katikati ya Mei. Miti mingi ya Uingereza hupukutisha majani majira ya baridi, na kabla majani mapya hayajafunga anga, jua linafika hadi chini. Mimea ya ardhini inaujua muda huo. Inachanua haraka, inakula mwanga, kisha inajificha mwaka mzima. Hapo ndipo utakapoona blubeli, maua ya bluu ya zambarau yanayoinamisha vichwa, yakiwa yamefunika sakafu ya msitu mpaka huoni udongo. Karibu nusu ya blubeli zote duniani ziko Uingereza na visiwa vinavyoizunguka. Desemba hali ni nyingine: jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza linatangulia, kwa hiyo nenda asubuhi.

Vaa buti zisizopitisha maji, hata kama hakujanyesha kwa siku kadhaa. Misitu mingi ya huku iko juu ya udongo wa mfinyanzi unaoshikilia maji. Suruali iwe ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, mtandao vijijini hauaminiki.

Sasa umefika ukingoni. Usiingie bado, angalia miguuni. Kwenye misitu mingi ya kale utakuta tuta la udongo linalofuata ukingo, na mtaro upande wake wa nje. Watu wa zama za kati walilichimba kwa majembe ili mifugo ya shambani isiingie kula machipukizi. Limebonyea, mizizi imelishika, pengine utalivuka bila kulitambua, lakini likiwepo umesimama mahali ambapo msitu ulithaminiwa kiasi cha kujengewa mpaka. Kwa Uingereza, msitu huitwa wa kale ukiwa umekuwepo mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla ya hapo. Bradfield Woods, ambao hauko mbali na mji wa Bury St Edmunds, ulikuwa wa watawa wa abasia ya mji huo, na miti yake imekuwa ikikatwa na kuchipua kwa utaratibu uleule tangu mwaka 1252.

Utaratibu huo utauona kwenye mti wa hezeli. Hauna shina moja. Ni fito nyingi zinazotoka kwenye kisiki kimoja. Mkataji anazikata zote karibu na ardhi, anaondoka nazo kwa kujengea nyua, kutengenezea mipini na kuwashia moto, na kisiki kinachipua tena. Baada ya miaka saba, minane au zaidi anarudi. Mti unaokatwa hivyo haufi haraka, bali unaishi zaidi ya ulioachwa. Kisiki kinatanuka taratibu, katikati panaoza, na fito zinabaki zimesimama duara kuzunguka uwazi. Ukikuta duara la namna hiyo ambalo mikono yako miwili haiwezi kulikumbatia, hasa la mti wa eshi, huenda limeanza kabla ya mababu wa mababu wa yeyote anayeishi kijiji hicho. Kwa hiyo ukikuta sehemu imekatwa kweupe na fito zimepangwa mafungu, usisikitike. Rudi mwaka unaofuata uone maua yalivyojaa pale jua lilipoingia.

Alama nyingine ni anemoni ya msituni, ua jeupe linalofunguka jua likiwaka na kujifunga wingu likipita. Kutapakaa kwake ni kwa polepole mno, takriban mita mbili kwa karne. Ukiona zulia lake pana, hesabu mwenyewe.

Kwa sababu hiyo nasisitiza: usikanyage. Blubeli haiuawi na kuchumwa ua moja kama inavyouawa na kiatu. Jani likipondeka haliwezi tena kutengeneza chakula, na kitunguu chake kinadhoofika chini ya ardhi. Nimeona vijia vitupu vilivyoachwa na watu waliotaka picha katikati ya maua, na miaka ikapita havijajaa. Piga picha ukiwa njiani, chuchumaa, elekeza kamera kwenye usawa wa maua. Yataonekana mengi zaidi. Kung'oa kitunguu chake ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1981.

Kitunguu saumu mwitu utakinusa kabla ya kukiona. Majani yake yanalika, lakini katikati yake huota mmea wenye sumu uitwao aramu, ambao majani yake machanga yanafanana nayo. Harufu peke yake haitoshi, maana ukishashika jani la kwanza vidole vyote vinanuka. Kama huna uhakika wa kila jani, acha.

Kisha kaa. Tafuta gogo kando ya njia, zima sauti ya simu, tulia nusu saa. Ndege walionyamaza ulipoingia wataanza upya: kigong'ota akipiga ngoma juu ya tawi kavu, na mahali pachache kusini na mashariki, naitingeli, aliyesafiri kutoka Afrika Magharibi kuja kuzaa huku. Wanangu huwa nawapa dakika kumi za kwanza kulalamika, baada ya hapo wao ndio wanaoninyamazisha. Gogo lenyewe usilihamishe wala kulibandua magome, ndani yake mna mabuu ya wadudu wanaohitaji miaka kukua. Ila siku ya upepo mkali usikae chini ya miti ya eshi. Ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa nchini mwaka 2012 umeiua mingi, na matawi yake hukatika bila onyo.

Ukifika nyumbani, jikague kupe kabla ya kulala: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwa watoto hasa kichwani na nyuma ya masikio. Wengine ni wadogo kama mbegu ya ufuta. Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu polepole bila kumminya. Usimpake mafuta wala kumchoma. Osha mahali hapo na uandike tarehe. Upele unaopanuka kwa duara, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi nne ingawa unaweza kuchelewa hadi miezi mitatu, ni dalili ya ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria yanayoletwa na kupe. Ukiuona, au ukipata homa na uchovu usioeleweka, mpigie daktari wako na umwambie uliingia msituni, na lini.