Subaru ya turbo iliyotuniwa: soma LTFT kabla ya kulipa

Ukipata Subaru ya turbo iliyotuniwa (iliyorekebishwa iongeze nguvu) inayouzwa hapa Mtwara, chomeka skana ya kusoma kompyuta ya gari, endesha mpaka Mikindani na kurudi, kisha injini ikiwa bado ya moto soma mstari wa LTFT (long-term fuel trim). Ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza ili kufidia kasoro, kwa hiyo kusafisha injini hakuifichi. Soma bila kukanyaga mafuta, halafu kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Kati ya -5 na +5 ni nzuri. Ikizidi +10 kisha ikashuka ukikanyaga, hewa inavuja, mara nyingi kwenye mipira ya kupitishia hewa baada ya sensa inayopima hewa inayoingia. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu ya mafuta au sensa yenyewe. Hiyo ndiyo ya kuogopa, maana turbo ikisukuma hewa na mafuta yasitoshe, pistoni zinaweza kupasuka. Ukikuta sifuri tupu kabla hujaondoka, huenda betri ilichomolewa au kumbukumbu imefutwa: endesha zaidi. Kipimo hiki hakionyeshi hali ya mafuta ukikanyaga mpaka chini, na Subaru nyingi za zamani za soko la Japani hazisomeki kwa skana za bei rahisi. Hapo tafuta fundi mwenye skana ya Subaru.