Jinsi ya kutumia Do No Harm mtaani bila kuishia kujaza jedwali tu

Kama unafanya kazi ya misaada hapa Nairobi lazima ushaletewa lile jedwali la Do No Harm, njia ya kuangalia msaada wako usichochee ugomvi kati ya watu: upande mmoja unaandika vitu vinavyogawa watu, upande wa pili vinavyowaunganisha, mradi wako unaukalisha katikati. Ukiwa semina inaonekana rahisi. Ukifika Mathare na hiyo karatasi ndio unajua kazi iko wapi.

Kosa naona kila mara ni watu kuchambua mtaa mzima. Wanajifungia ofisini Kilimani siku mbili wanaandika ukabila, siasa, umaskini, vijana kukosa kazi, na yote ni kweli, lakini hayakusaidii kuamua kitu, maana magodoro unayogawa hayatamaliza ukabila. Anza na mradi wenyewe. Nani anaandika lista, stoo ni ya nani, lori litaegesha upande gani, wabebaji wametoka kijiji gani na wanalipwa ngapi. Mary B. Anderson na wenzake walioanza hii kazi miaka ya 1990 walisema hivyo hivyo, madhara hutoka kwa vitu vidogo vya utekelezaji kuliko kwa wazo la mradi.

Halafu kila kitu kidogo kiulize: kinaweza kuibwa? Kitavuruga bei sokoni? Ugawaji wake unafuata mgawanyiko ule ule wa watu mpaka wanagombania? Kinaondolea mtu mwingine jukumu lake, pesa yake ikaenda kwa fujo? Na kinampa nani cheo? Hilo la mwisho usiliruke kabisa. Kule Goma 1994 chakula cha wakimbizi wa Rwanda kilipitia mikononi mwa walewale walioongoza mauaji, na kugawa chakula ndiko kuliwapa nguvu ya kutawala kambi.

Sisi tulijifunza baada ya mafuriko ya 2024. Lista ya watu wa kusaidiwa tuliichukua kutoka kwa wenye nyumba, kwa sababu ndio walipatikana haraka, na kwa jedwali tulikuwa tumewaweka upande wa kuunganisha, ati wanapangisha watu wa kabila zote. Kumbe wapangaji waliosombewa vitu washahamia kanisani na kwa marafiki, mwenye nyumba akaandika wale aliobaki nao, tena wale hawana deni lake. Jioni watu walikuwa wanatukanana mbele ya stoo yetu na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akarudi mikono mitupu. Hiyo bado inaniuma, maana tungeuliza mpangaji mmoja tu tungejua. Kwa hivyo mtu au kitu kimoja kiandike pande zote mbili ukihitaji, na useme ni wakati gani kinaunganisha na wakati gani kinagawa. Kioski cha maji ni hivyo pia, asubuhi watu wanapiga stori kwa laini, maji yakikatika bei ya mtungi ikipanda ni vita.

Ya baraza sitasema mengi: chifu akiwa ameketi pale hakuna mtu atakuambia ukweli. Enda kwa mama mboga, kwa watu wa boda, kwa base, pale vijana hukaa, na kina mama uwasikize peke yao kwa sababu mbele ya wazee wananyamaza. Usiulize mgogoro uko wapi, hiyo ni lugha ya ofisi. Uliza, mara ya mwisho kitu kuletwa hapa nani alipata na nani alikosa, halafu nyamaza usikize. Majina ya watu usiandike kwa daftari.

Kila mstari wa jedwali weka tarehe, kwa sababu uchambuzi unaharibika kama maziwa. Fujo za 2007 na 2008 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na kuna majirani waliokuwa kwa chama kimoja cha kuweka akiba wakaachana ndani ya siku chache, wengine wakafichana ndani ya nyumba. Msimu wa uchaguzi, moto, bomoabomoa, kodi ya nyumba kupandishwa, yoyote ikitokea rudi uulize upya kabla hujagawa chochote.

Sasa shida kubwa ni bajeti, unagundua hatari mradi ukiwa ushapitishwa na mfadhili anataka ripoti tu. Dawa ni kuandika mapema kwenye proposali njia mbili za kufanya kila kazi na bei ya kila moja, kwa mfano stoo moja kubwa au vituo vitatu vidogo, na uombe hela kidogo ya kubadilisha njia. Ukiwa umeiandika mapema, kuiomba baadaye si vita.

Na kama msichana mnayefanya kazi naye mtaani akipiga simu asubuhi aseme leo msilete lori, msilete. Dereva mlipeni siku yake, mwende mketi na huyo msichana kwanza.