Wiki 16, Si 12: Somo la Kupanga Fedha za Nyumba Wakati wa Likizo ya Uzazi

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Moshi, pamoja na wenzetu wanaotoka Arusha kuja kwenye vikao vya mwezi. Katika kipindi kifupi nimeona wanawake watatu wakirudi kazini kutoka likizo ya uzazi wakiwa na madeni ambayo hawakuwa nayo walipoondoka, ingawa wote watatu walilipwa mshahara wao bila kukatwa hata shilingi. Jambo hilo lilinisumbua, kwa sababu mimi ni mhasibu na bado likizo yangu ya kwanza iliniachia deni vilevile. Kosa letu sote lilikuwa kupanga fedha za wiki 12 za likizo na kuzisahau wiki nne zinazofuata, ambazo ndizo zenye matumizi mapya. Daftari ninaloelekeza hapa, kwa hiyo, lina wiki 16.

Hatua ya kwanza: zijue siku zako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Unatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Unaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo, lakini kila wiki unayoitumia kabla inatoka kwenye zile 12. Anayeanza mapema kabisa hubaki na wiki nane tu akiwa na mtoto mkononi, na mwenye afya njema inampasa alipime hilo pamoja na daktari wake kabla ya kuandika barua.

Ipo pia likizo ya mwaka ya siku 28. Mwajiri hana ruhusa ya kukuhesabia hiyo badala ya likizo ya uzazi, ila mnaweza kukubaliana ziunganishwe, upate siku 112, yaani wiki 16 kamili. Omba kwa barua na upate jibu kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo husahaulika meneja anapobadilishwa.

Wachaga wa zamani walimweka mama mzazi ndani miezi mitatu, akilishwa mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) na maziwa, kabla hajatoka kwenda sokoni. Wiki 12 za sheria zinakaribiana sana na desturi hiyo. Tofauti ni kwamba ndizi za bibi zilitoka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na za kwetu tulio mjini tunazinunua soko la Mbuyuni.

Hatua ya pili: tenganisha mshahara na kipato

Hapa ndipo ninapoomba mkae muda mrefu zaidi. Mshahara ni kile ambacho mwajiri amekiandika kwenye mkataba. Kipato ni kila shilingi inayoingia nyumbani kwa mwezi. Likizo ya uzazi inalinda mshahara, lakini hailindi malipo ya saa za ziada, kamisheni, posho ya nauli inayolipwa kwa siku ulizofika kazini, wala faida ya vitenge unavyowauzia wenzako ofisini. Makato, kwa upande wake, yanaendelea kama kawaida: kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, na kwa waliosomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Chukua hati zako za mshahara za miezi sita iliyopita, uziweke mezani pamoja na kalamu nyekundu, kisha ukate kila mstari ambao hautakuwepo utakapokuwa nyumbani. Tuchukue mfano wa mtu anayepokea mkononi shilingi 640,000, lakini amezoea kuishi kwa 850,000 kwa sababu ya nauli 60,000, saa za ziada 90,000 na biashara ndogo ya 60,000. Pengo lake ni 210,000 kwa mwezi, yaani 630,000 kwa miezi mitatu, kabla hajanunua nepi hata moja. Fedha hiyo haijaibwa na mtu. Ilikuwa inaingia kimyakimya na sasa imekoma kimyakimya.

Mimi sikulifanya zoezi hili. Kazini kwangu wakati ule karibu theluthi ya kipato changu ilikuwa kamisheni, na nililigundua pengo wiki ya sita, nikiwa nanyonyesha huku nikisoma ujumbe wa benki kwenye simu mara mbili nikidhani nimeona vibaya. Wiki ya kumi nilikwenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, nikachukua 300,000 kwa marejesho ya 40,000 kila wiki kwa wiki kumi. Nililipa 400,000, na marejesho manane kati ya hayo niliyalipa likizo ikiwa imekwisha. Nawasihi sana msipite njia hiyo.

Hatua ya tatu: dai fao la uzazi

Mwanachama wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, aliyechangia angalau miezi 36, ambayo 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 ya mwisho kabla ya kujifungua, anastahili fao la uzazi la wiki 12. Fao hilo haliondoi wajibu wa mwajiri wa kukulipa mshahara wa likizo. Hakiki michango yako mapema ukiwa bado mjamzito, kwa sababu ukikuta mwajiri hajawasilisha miezi kadhaa utahitaji muda wa kufuatilia. Watumishi wa umma waulize PSSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, ambako taratibu ni nyingine.

Fao likiingia, usiliunganishe na fedha za matumizi. Liweke kwenye akaunti nyingine au kwenye kikoba, likisubiri wiki ya 13.

Hatua ya nne: andika kwa wiki, usiandike kwa mwezi

Nyumba yenye mtoto mchanga hutumia fedha kila siku chache, na bajeti ya mwezi huficha uvujaji mpaka tarehe 20. Jumapili jioni, mtoto akilala, nagawa fedha ya wiki katika bahasha nne: chakula, mtoto, nyumba na wageni. Bahasha ya nyumba ndiyo ya umeme, maji na gesi. Ya mtoto inakuwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa chanjo za kuzaliwa na za wiki ya 6, 10 na 14 hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na maziwa ya mama hayanunuliwi.

Ya wageni ndiyo tunayoionea aibu. Watu wanakuja kumwona mzazi, wanaleta sukari, sabuni na khanga, na sisi tunapika pilau na kununua soda kreti nzima. Mimi huandaa mtori sufuria moja asubuhi, ambao mzazi anauhitaji kwa vyovyote, na mgeni anapewa huohuo. Mama mkwe wangu, aliyeteremka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa ya mgando, ndiye aliyenifundisha hivyo, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Hatua ya tano: lipa mapema

Kodi ya nyumba, mtungi wa gesi, ada ya muhula ya mtoto mkubwa na marejesho ya mkopo wa kikundi vilipwe kabla ya kujifungua kadiri inavyowezekana.

Hatua ya sita: mwezi wa nne

Wiki ya 13 unarudi kazini. Siku hiyohiyo unaanza kulipa nauli, chakula cha mchana na dada wa kazi, ilhali posho na saa za ziada hazitaonekana mpaka mwisho wa mwezi. Mchukue dada wiki mbili kabla ili azoeane na mtoto, na mshahara wake wa mwezi wa kwanza uwe tayari umetengwa, kwa sababu anayecheleweshewa mshahara huondoka, na akiondoka utakosa kazini siku kadhaa.

Sheria inampa mama anayenyonyesha muda wa kumnyonyesha mtoto saa za kazi, usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hawaudai kwa kuogopa kuonekana wavivu. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, nawe unarudi kazini akiwa na miezi mitatu hivi; saa hizo mbili, pamoja na maziwa uliyokamua, ndizo zinazokuepusha na kopo la maziwa ya unga. Anayeishi Pasua na kufanya kazi katikati ya mji anaweza kwenda na kurudi. Anayetoka Usa River kwenda Arusha mjini aombe saa hizo ziunganishwe, aondoke mapema jioni.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nafanya kazi hotelini Arusha na ninachoishi nacho ni bakshishi zaidi ya mshahara. Nitajifungua Julai. Nipangeje? (Mwanachama, Ngaramtoni)*

Marahaba, mdogo wangu. Bakshishi iandike sifuri kuanzia siku ya kwanza ya likizo. Ugumu wako ni kwamba masika, Machi hadi Mei, watalii hupungua, na wanapoongezeka katikati ya mwaka wewe utakuwa nyumbani. Maana yake unapoteza misimu miwili mfululizo. Anza kuweka akiba Desemba hadi Februari, na siku ambayo bakshishi imekuwa nzuri weka nusu yake jioni ileile kabla haijalala kwenye pochi.

*Mimi nauza mitumba Kiborloni, sina mwajiri. Hizo siku 84 nitazipata wapi? (Mama wa watoto wawili)*

Mama, itabidi ujilipe mwenyewe. Jambo la kwanza, miezi miwili ya mwisho ya ujauzito usifungue robota jipya. Uza lililopo mpaka liishe ili mtaji ugeuke kuwa fedha taslimu, kwa kuwa nguo zilizokaa hazinunui unga. La pili, amua leo nani atasimama mezani kwako, na mwandikiane mgawo wa faida hata kama ni ndugu yako wa damu. La tatu, NSSF hupokea wachangiaji waliojiajiri. Kwa ujauzito huu huenda usikidhi masharti, lakini nenda ukajiandikishe na uwaulize mafao ya mpango utakaowekwa kabla ya kuanza kuchangia.

*Nina miezi minne tu kazini na nimegundua ni mjamzito. Nitalipwa? (Mwanachama, Sakina)*

Haki ya likizo yenye malipo inahitaji angalau miezi sita ya utumishi. Kama ujauzito bado mchanga, utakuwa umeivuka miezi hiyo kabla ya kujifungua. Toa taarifa kwa wakati, na tunza nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

*Nikiwa likizo, niendelee kununua hisa za kikundi au nisimame? (Mwanachama, Soweto, Moshi)*

Nunua kiwango cha chini kabisa na mchango wa jamii usiukose, kwa kuwa huo ndio utakaokufaa mtoto akiugua. Usichukue mkopo mpya kabla ya wiki ya 16.

*Mume wangu anasema fedha za likizo ni zangu, kwa hiyo mtoto ni bajeti yangu. (Hakutaka kutajwa)*

Dada yangu, pole. Baba naye ana likizo ya angalau siku tatu zenye malipo ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Tumia mojawapo ya siku hizo kukaa naye na daftari la wiki 16, umwonyeshe mstari wa pengo, halafu umwombe achague mwenyewe bahasha mbili atakazozijaza kila Jumapili. Wangu alichagua ya nyumba na ya wageni, na mpaka leo umeme ananunua yeye.