Kusoma nebula ya nyota changa nzito kwa picha za infraredi

Anza na N49, kiputo cha gesi na vumbi kinachozunguka nyota changa nzito: longitudo ya galaksi 28.83, latitudo -0.23. Kwenye IRSA, hifadhi ya data za infraredi ya NASA, kata picha zenye upana wa dakika 10 za tao (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii): mikromita 4.5 na 8 kutoka upimaji wa anga uitwao GLIMPSE, 24 kutoka ule wa MIPSGAL. Zote ni za Spitzer, darubini ya infraredi ya angani.

Katika DS9, programu ya kutazama picha za anga, fungua fremu ya RGB (nyekundu, kijani, bluu): 24 nyekundu, 8 kijani, 4.5 bluu, kwa skeli ya logi. Ukingo wa kijani ni molekuli za hidrokaboni ziking'azwa na mionzi ya urujuanimno. Ndani, kwenye gesi iliyoioniwa, molekuli hizo huvunjika, hivyo hubaki wekundu wa vumbi lenye joto.

Hatua inayofuata, kugawanya picha ya 24 kwa ya 8 ili kulinganisha vumbi hilo na molekuli hizo, ndiyo inayowaangusha wengi. Picha ya 8 ina ukali wa sekunde 2 za tao, ya 24 sekunde 6. Ukizigawa hivyohivyo utapata pete za uongo kuzunguka kila nyota. Kwanza lainisha ya 8 kwa Gausi (mkunjo wenye umbo la kengele) yenye upana wa sekunde 5.7 kwenye nusu ya kimo chake (kipeuo cha pili cha 32, yaani 36 kutoa 4), kisha pikseli za picha zote mbili zipangwe zilingane. Toa mwanga wa usuli katika kila picha, ukiupima pembeni pasipo na nyota wala mawingu meusi.

Kwenye nebula zenye mwanga mkali kama M17, kihisi cha 24 kilijaa mwanga kupita kiasi. Pikseli hizo zifunike, usizikisie.