Namna ya Kuunganisha Mfungo wa Kwaresima na Chungu cha Jirani

Mkoani Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Kwaresima huwakuta wakulima wengi mtama na uwele ukiwa bado shambani na akiba ya mwaka jana ikielekea kwisha. Mkristo afungaye wakati huo anafunga kando ya watu wanaoshinda njaa bila hiari yao, na ndiyo maana Isaya 58, inayohesabu kumgawia mwenye njaa chakula kuwa sehemu ya mfungo, haipaswi kuishia mimbarini.

Chagueni kama familia siku moja ya juma, tuseme Ijumaa, na mlo mmoja mtakaouacha. Saa ile ile ambayo mngesonga ugali, pimeni unga ambao ungeingia chunguni, mwutie kwenye mfuko safi pamoja na karanga au mboga zilizokaushwa ambazo zingekuwa kitoweo, kisha msome Neno na kumwombea kwa jina atakayepelekewa. Msiahirishe kupima hadi jioni, kwa sababu kisichopimwa huliwa kesho yake, na mfungo ukabaki kuwa kubana matumizi tu. Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa wasiache mlo. Wao washiriki katika maombi na katika kutoa.

Kumpata wa kumpelekea kunahitaji uangalifu zaidi. Muulize mzee wa kanisa, lakini pia balozi wa nyumba kumi, maana njaa haichagui dhehebu. Nenda peke yako, bila kupiga picha, kwa kuwa katika Mathayo 6 Bwana Yesu aliagiza sadaka itolewe sirini. Piga hodi, salimia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” kaa kidogo na uulize habari za shamba. Usitaje kabisa kwamba umefunga. Ukikuta palizi imemlemea bibi wa nyumba hiyo, rudi Jumamosi na jembe, kwani naamini kabisa kwamba asubuhi moja ya palizi ni ibada kamili.

Ikiwa mwenye uhitaji ndiye mliyekosana naye, Mathayo 5:23-24 inatangulia: nenda kwanza mikono mitupu ukapatane naye, ikibidi ukiongozana na mzee mnayemheshimu nyote wawili, na unga uupeleke siku nyingine, asije akadhani unamnunua.