Kukuza Ufahamu wa Kusoma Kiingereza kwa Programu za Simu

Programu nyingi zinazojinadi kwamba zinafundisha Kiingereza hushughulika na maneno na sentensi fupi, ilhali ufahamu hupimwa kwa kifungu kizima, ambamo hoja huanza katika aya moja na kukamilika katika nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kupakua chochote, angalia kama programu ina habari ndefu za kusoma au michezo ya kuoanisha maneno na picha tu. Michezo hiyo humfaa anayeanza, lakini haishiki nafasi ya kusoma.

Jambo linalofuata ni kiwango. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ili waielewe vizuri bila msaada. Hesabu maneno 100 katika ukurasa wowote, kisha uone ni mangapi ambayo mwanafunzi hayajui. Yakizidi mawili, atahitaji msaada, na yakifika kumi, ni afadhali atafutiwe matini nyingine. Newsela, jukwaa la mtandaoni la habari za kusomea, hutoa habari ileile katika viwango mbalimbali vya ugumu, na Wikipedia ina toleo la Kiingereza chepesi, hivyo mwanafunzi anaweza kuanza na toleo jepesi na kulirudia lile gumu akiwa ameshaifahamu mada.

Kamusi iliyo ndani ya programu, kama ile ya Kindle, programu ya kusomea vitabu, inayojitokeza neno likibonyezwa, ndiyo yenye manufaa makubwa na pia ndiyo inayoharibu usomaji kwa urahisi zaidi. Anayebonyeza kila neno geni hukata mtiririko wa hoja, na akifika mwisho wa aya huwa amesahau ilivyoanza. Mwanafunzi na asome aya nzima kwanza, akisie maana kutokana na maneno jirani, kisha atafute yale tu yanayojirudia au yanayozuia maana. Maneno hayo ayaingize katika Anki, programu ya kadi za kukumbukia, kila moja likiwa ndani ya sentensi alikolikuta. Programu hiyo humrejeshea kadi kwa vipindi vinavyorefuka kadiri anavyozidi kuikumbuka.

Akimaliza kifungu, aifunge simu na kueleza kwa sentensi tatu au nne nini kimesemwa na kwa sababu gani. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma upya. Maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa kinachopimwa hapa ni kuelewa wala si kuandika Kiingereza.

Maswali ya kuchagua jibu yafuate baadaye, kwa sharti kwamba mwanafunzi aonyeshe sentensi inayothibitisha jibu lake kabla ya kulibonyeza. Bila hivyo, alama nyingi zaweza kuwa za kubahatisha. Mwalimu naye asitosheke na alama ya jumla. Anayekosea maswali ya msamiati huhitaji kadi zaidi, lakini anayeyajua maneno yote na bado akashindwa kubaini msimamo wa mwandishi huhitaji kusoma aya hiyo pamoja na mtu, wakiulizana sentensi kwa sentensi.