Somo: Kusaka data ya zamani kwenye bafa za io_uring

Wakuu, io_uring ni njia ya Linux ya kutuma maombi ya kusoma na kuandika bila kusubiri kila moja likamilike, na bafa ni eneo la kumbukumbu linalopokea data. Kasoro ya kukuta data ya zamani humo inasumbua kwa sababu iko kimya. Programu haianguki, kerneli (kiini cha mfumo) hailalamiki, ila baiti ulizopokea ni za ombi lililopita. Wengi hukimbilia kulaumu diski. Anza na bafa yako.

Hatua ya 1. Kabla ya kutuma ombi la kusoma, jaza bafa alama: `memset(buf, 0xA5, 4096)`. Usitumie sifuri, maana zimejaa kwenye mafaili halali na hutazitofautisha.

Hatua ya 2. Angalia `res` ya jibu (namba ya matokeo, yaani baiti ngapi zimesomwa) kabla hujagusa bafa. Tuseme umeomba baiti 4096, `res` ikarudi 1512. Hilo si kosa, umepewa kilichopatikana. Lakini baiti 2584 za mwisho hazijaguswa, na kama bafa inatumika tena na tena, pale pamebaki data ya ombi la nyuma, inayoonekana nzima kabisa. Ndiyo maana kasoro hii hupita kwenye majaribio. Ukiona A5 mkiani tu, mchawi ni huyu. `res` ikiwa hasi, hiyo ndiyo namba ya kosa.

Hatua ya 3. Bafa nzima ni A5? Huenda umesoma kabla jibu halijafika, au umeshika bafa ya ombi jingine. Majibu hayafuati mpangilio wa maombi, hivyo yatambue kwa `user_data`, lebo unayoiweka kwenye ombi na kurudishiwa kwenye jibu. Ukikuta data ya sehemu nyingine ya faili, huenda kuna bafa imetumwa mara mbili wakati ombi la kwanza bado liko njiani.

Hatua ya 4. A5 imefutika yote ila faili ni toleo la zamani: ukituma kuandika na kusoma kwa pamoja, hakuna uhakika kipi kitatangulia. Subiri jibu la kuandika, au yaunganishe maombi kwa `IOSQE_IO_LINK`, ili la pili lisianze kabla la kwanza kukamilika. Na faili moja usilisome kwa `O_DIRECT` (njia inayoruka akiba ya kerneli) huku na kwa njia ya kawaida kule.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimewasha strace (zana ya kuonyesha miito ya programu kwa kerneli), sioni read hata moja.*

Hutaziona. Maombi yanapita kwenye kumbukumbu ya pamoja kati ya programu na kerneli, strace inaona miito kama `io_uring_enter` tu. Tumia perf au bpftrace, zana za kufuatilia yanayotokea ndani ya kerneli, kwenye `io_uring:io_uring_complete`, utapata `user_data` na `res`.

*Muda ukiisha nikafuta ombi, naweza kuachia bafa hapo hapo?*

Hapana, ndugu. Kerneli bado inaweza kuandika humo. Subiri jibu la ombi lenyewe, liwe `-ECANCELED` (limefutwa) au liwe limekamilika, ndipo uachie.

*Mimi bado natumia io_submit, ile njia ya zamani ya Linux ya kutuma maombi, somo linanihusu?*

Hatua zote nne zinakuhusu isipokuwa `IOSQE_IO_LINK`. `res` iko ndani ya `io_event`, na badala ya `user_data` utakuta `data`.